Safu ya Mengineyo

Eldoret, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Okoth,

Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na maji ya kuchemsha nimemwachia baba yako. Namsikia huko uani akikuonyesha namna ya kukaza kamba ya begi, kana kwamba wezi wa Lodwar huiba begi zilizofungwa vibaya tu. Mvumilie. Mtu aliyechomelea vyuma maisha yake yote huamini kwamba hata huzuni inaweza kushikiliwa na kitu kilichokazwa vizuri. Mimi zana yangu ilikuwa maneno, nayo nimeyatumia ovyo mara nyingi kiasi kwamba leo nimeona heri niyaweke kwenye karatasi, mahali ambapo hayawezi kupaza sauti.

Unaenda kuandikisha watu. Ukame umewatoa makwao, nawe utaketi mbele yao na kompyuta mapajani, uwaulize, wajibu, ujaze. Kisha wakubwa wako watakuambia: tutolee wajawazito, tutolee wazee wasio na mtu, tutolee watoto waliopotezana na wazazi wao. Utachuja lile jedwali kubwa na kutoa jedwali dogo. Kazi hiyo unaijua kuliko ninavyoijua mimi sasa. Juzi nilikuchungulia ukiifanya pale mezani nikaona vidole vyako vinayatangulia macho yangu. Kuhusu vitufe, sina la kukufundisha. Ninachotaka kukueleza ni mstari mmoja wa masharti nilioupanga zamani katika mji huuhuu, wakati wewe ulikuwa na miaka mitano na hakuna kati yetu aliyejua uko wapi.

Kisa umekisikia. Baba yako hukisimulia kila Krismasi nyama ikiwa bado motoni, naye hukifupisha mpaka kikabaki mzaha: "Huyu mama yenu alinitafutia mtoto Mjaluo kwa mashine. Mashine ikasema hakuna. Kumbe siku hizo mtoto alikuwa Mnandi!" Watu hucheka, nami hucheka nao, kwa sababu ni kweli na kwa sababu mwisho wake ulikuwa mwema. Lakini mzaha ule huruka mahali ambapo mimi nilijifunza kitu, na ndipo ninapotaka kukupeleka leo.

Kwanza unijue nilivyokuwa. Nilikuwa mwaka wa mwisho pale chuoni Chepkoilel, nikisomea takwimu, ingawa ungeuliza mwanafunzi yeyote angekuambia nasomea kelele. Nilipanda juu ya meza za bwalo, nikafungua kifua, nikaita, "Makomredi!" na bwalo zima likaweka vijiko chini. Nilivaa hereni kubwa za shaba zilizonigonga taya kila nilipotikisa kichwa, na kichwa nilikitikisa sana. Nilihutubia juu ya karo. Nilihutubia juu ya mabomba yasiyo na maji. Lakini hotuba yangu kubwa, ile iliyofanya nibebwe mabegani mwa watu, ilikuwa juu ya taifa: kwamba tunachekechwa kama unga, kila uchaguzi wanakuja watu na chekeche lao, wanatikisa, huyu wa huku, yule wa kule, kisha wanatuacha tukitazamana kama wageni. Niliamini kila neno. Kosa langu halikuwa unafiki, mwanangu. Nilidhani kuuchukia ukabila kwa sauti kubwa ni sawa na kutokuwa nao.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na moshi ukaanza kupanda upande wa Langas. Chuo kilifungwa. Nilitoka bwenini kuelekea mjini kwa miguu, na njiani nikakuta barabara imezibwa kwa mawe na gogo la mkaratusi. Vijana wa rika langu walinisimamisha. "Jina?" Nikataja. "Unatoka wapi?" Moiben, nikasema. "Sema kitu kwa lugha ya nyumbani." Nikasema kitu kwa lugha ya nyumbani. Mmoja akatabasamu, akasogeza tawi kwa adabu kabisa, akaniambia, "Pita, dada." Nami nikapita. Mimi wa meza za bwalo, nilipita pale bila hotuba.

Nadhani ndiyo maana nilipofika kwenye uwanja wa kanisa, ambako watu waliofukuzwa makwao walikuwa wamekimbilia, hotuba zote zilinitoka kwa pamoja. Nilianza kuhutubia foleni ya uji. Watu wameshika mabakuli, wengine wamevaa nguo za kulalia, na mimi nawaeleza historia ya dhuluma. Padri, mzee mwembamba aliyekuwa hajalala vizuri siku nyingi, alinisikiza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Binti, umemaliza?"

"Nimemaliza, Padri."

"Unajua kuchapa?"

Hivyo ndivyo nilivyopewa ofisi ya katekista, kompyuta moja nzito na jenereta iliyokohoa kama mtu mgonjwa. Kazi ilikuwa kuwaunganisha waliopotezana. Watu walikuwa wametawanyika: wengine hapo uwanjani, wengine kwenye kituo cha polisi, wengine katika shule na makanisa madogo ya Soy na Moiben, walikofichwa na watu wema. Kila mahali palikuwa na mtu wa kujitolea aliyeandika majina kwenye karatasi. Karatasi zikaletwa kwangu, nami nikaziingiza katika jedwali moja refu. Safu zilikuwa chache: Jina, Umri, Lugha, Mtaa, Yuko na Nani. Ile ya Lugha iliwekwa na wauguzi ili wajue nani atafutiwe mkalimani. Na pembeni kabisa, safu ya Mengineyo.

Safu hiyo niliidharau. Kwenye karatasi nyingi ilikuwa tupu, na palipoandikwa, kuliandikwa vitu ambavyo msomi wa takwimu hana pa kuviweka: "anakohoa", "hataki kuvua kofia", "anauliza juu ya ng'ombe wake". Hesabu gani utaifanya kwa ng'ombe anayeulizwa? Nilikusudia kuiacha. Kilichoiokoa ni mwandiko. Karatasi za Moiben ziliandikwa na mama mmoja wa kanisa kwa herufi za duara, nzuri, zilizopangwa kama mboga sokoni, nikaona aibu kumkatia maneno yake. Nikayachapa yote, na kwa kuwa nilichapa ya Moiben ikabidi nichape na ya kwingine.

Alasiri moja mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke mzee aliyebeba furushi kichwani, na nyuma yake mwanamume mwenye masizi mpaka kwenye kope. Yule mzee hakusalimu.

"Wewe ndiye msichana wa mashine?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Basi tuonyeshe mtoto. Lori yetu inatoka asubuhi."

Huyo alikuwa Dani, nyanya yako, Mungu amrehemu. Aliyebaki mlangoni, akiishika kofia yake kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu, alikuwa baba yako. Alinieleza kwa sentensi fupifupi. Mama yako aliyekuzaa, ambaye kaburi lake unalijua kule kwenu ziwani, alikuwa amefariki kabla hujajifunza kutembea. Siku mtaa wenu wa Langas ulipowaka yeye alikuwa kibandani mjini akichomelea lango la mtu, na wewe ulikuwa umeachwa na jirani. Aliporudi, nyumba yenu ilikuwa majivu, na ya jirani ilikuwa tupu, mlango wazi. Alikuwa amezunguka kila kambi aliyoweza kufika kwa miguu. Sasa kulikuwa na malori yatakayosindikizwa na polisi kuelekea ziwani asubuhi, na nafasi zao zilikuwa zimeshaandikwa. Hakuna aliyejua kama malori mengine yangekuja. Akipanda, anakuacha. Asipopanda, anabaki mahali ambapo kutembea tu barabarani kwa mtu wa jina lake ilikuwa hatari, akimtafuta mtoto ambaye pengine hayupo tena.

"Kaeni," nikasema kwa ujasiri wa kijinga. "Kazi hii ni dakika."

Juu ya jedwali nilikuwa nimetenga eneo la masharti kama tulivyofundishwa: vichwa vya safu vilevile, na chini yake nafasi ya kuandika unachotaka. Unajua kanuni. Masharti yakikaa kwenye mstari mmoja, mashine huyaunganisha kwa "na": atoke yule tu anayeyatimiza yote. Ukiyashusha kila moja kwenye mstari wake, huyaunganisha kwa "au": atoke yeyote anayetimiza mojawapo. Nikaandika kwenye mstari mmoja: Okoth. Tano. Kijaluo. Langas. Nikaiamuru inakili majibu mahali pengine, nikabonyeza.

Vilitoka vichwa vya safu peke yake, na chini yake weupe mtupu, kama meza iliyotandikwa sahani halafu chakula kisije.

"Imesema nini?" akauliza baba yako.

"Hajapatikana."

"Hajapatikana ama hayuko?"

Nilimtazama. Katika miaka yangu yote ya masomo hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo, wala mimi sikuwa nimejiuliza. Nikageukia kioo, nikayashusha masharti, kila moja mstari wake, "au" baada ya "au". Nikabonyeza tena. Safari hii walikuja wengi: kila Okoth, wakiwemo wazee wenye mvi, kila mtoto wa miaka mitano, kila aliyesema Kijaluo, na Langas yote. Karibu nusu ya jedwali ilimwagika kwenye kioo. Dani aliinama akatazama ile mistari ikishuka bila kikomo.

"Sasa umeita kijiji kizima," akasema. "Mimi nataka mmoja."

"Mama, ngoja basi, nafikiria."

"Fikiria haraka. Kwa uji ulikuwa unaongea haraka."

Kumbe alikuwepo kwenye foleni. Nikarudi kwenye mstari wangu wa kwanza, na kwa sababu nilikuwa mtu wa kusema, nikausoma kwa sauti ili nisikie kosa liko wapi. "Jina, Okoth. Lugha, Kijaluo. Mtaa, Langas." Nilikuwa nimewahi kuisikia sauti ile. Jina? Unatoka wapi? Sema kitu kwa lugha ya nyumbani. Maswali yangu yalikuwa yaleyale ya kwenye gogo la mkaratusi, na kwa mpangilio uleule. Mimi niliyehutubia dhidi ya chekeche nilikuwa nimelishika mkononi, tena kwa nia njema, tena kwa machozi, na lilikuwa limefanya kazi yake kama kawaida: lilikuwa limemwangusha mtoto.

Maana nani katika siku zile angemwacha mtoto ajibu maswali hayo kwa ukweli? Aliyekuwa naye, kama alikuwa hai na kama alikuwa na akili, jambo la kwanza angemfundisha lilikuwa kuyajibu vingine. Nilikuwa namtafuta mtoto kwa vitu vilevile alivyokuwa akifichwa navyo.

Niliyafuta yote. Mstari ukabaki mtupu. Nikamgeukia baba yako, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani nilipouliza swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari mdomoni.

"Niambie kitu chake ambacho hakuna mtu angeweza kumfundisha akifiche."

Alifikiri. Aliizungusha kofia. Dani akataka kusema, akamwinulia mkono, Dani akanyamaza, jambo ambalo baadaye nilikuja kujua halikuwa la kawaida.

"Akitaka kulala," akasema polepole, "hushika sikio. Si lake. La mtu aliyembeba. Bila hivyo halali."

Nikaenda kwenye safu ya Mengineyo. Niliandika neno "sikio", nikakumbuka kwamba mashine ukiipa neno tupu itatafuta yale tu yanayoanza na neno hilo, nikaliwekea nyota mbele na nyota nyuma, ili liletwe popote lilipojificha ndani ya sentensi. Nikabonyeza.

Ilitoka mistari michache. Mzee wa Soy aliyeumwa na sikio. Msichana aliyechanika ndewe ya sikio. Na kwenye karatasi za mwandiko wa duara, Moiben: jina, Kiprop, umri, kama miaka minne, lugha, Kinandi, yuko na, nyanya yake. Mengineyo: "Mtoto mtulivu. Halali mpaka ashike sikio la mtu."

Baba yako aliusoma ule mstari, kisha akaona jina, na uso ukamshuka.

"Huyo si wangu. Wangu ni Okoth."

Dani hakuwa amesoma shule, lakini alikuwa ameuza mboga miaka mingi bega kwa bega na wanawake wa huku. Aliniuliza, "Kiprop kwenu maana yake nini?"

"Ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, Mama."

Dani alilishusha furushi, akalikalia. Hukuhitaji mtu kukueleza utotoni kwamba Okoth nalo ni jina la mvua, nami sikuhitaji kuelezwa baada ya kuuona uso wake.

"Ni Tapsubei," akasema. "Ni yule jirani. Hakumpa mtoto jina la uwongo. Alimgeuzia lake." Kisha akaanza kulia kwa hasira, akimtukana Tapsubei kwa kuondoka bila kuacha neno, na akimwombea baraka katika pumzi hiyohiyo.

Asubuhi malori yalikuja. Moiben ni upande mwingine kabisa, na njia ile baba yako asingeipita. Alisimama kando ya lori na begi mkononi, mguu mmoja umekanyaga chuma cha kupandia. Dani alikuwa ameshapanda, amejibana kati ya magodoro. "Shuka!" alimpigia kelele mbele ya watu wote. "Ziwani najua njia. Usinifuate bila mtoto!" Naye akaondoa mguu. Kila unaponiuliza kwa nini sisi tulibaki Eldoret ilhali wengine wengi waliondoka, mimi huuona mguu ule ukirudi chini.

Mimi nilipanda pikapu iliyokuwa ikileta maziwa ya kanisa. Tapsubei nilimkuta nje ya kanisa dogo akichambua mboga, na wewe umekaa miguuni pake ukichezea maganda ya mahindi. Hukuniangalia. Nilijitambulisha, na kwa bahati mbaya nikaanza kumweleza umuhimu wa alichokifanya, kwa taifa, kwa vizazi. Alinisikiza kidogo tu.

"Mimi sipei redio mtoto," akasema. "Nitampeleka mwenyewe kwa babake."

Basi tukarudi watatu kwenye kiti cha mbele, na dereva wa nne, na makopo ya maziwa yakigongana nyuma. Kwenye kizuizi vijana waliinama dirishani. Mmoja akakunyooshea kidole. "Na huyu mtoto?" Niliona midomo yako ikijiandaa, midogo hivyo, kusema jina ulilofundishwa, na sitaki kamwe kuona tena mtoto akijiandaa hivyo. Lakini Tapsubei alikuwa ameshatoa kichwa nje.

"Kijana, mama yako anajua uko hapa barabarani? Namjua. Jumapili nitakaa naye benchi moja. Nimwambie nini?"

Yule kijana alivuta jiwe lake kando kama mtoto aliyekutwa jikoni. Hiyo ndiyo hotuba bora kuliko zote nilizosikia mwaka ule, nayo haikuwa na neno taifa.

Mbele kidogo usingizi ulikuchukua. Mkono wako ulianza kutafuta. Tapsubei alikuwa amelala upande wa mlango, mbali nawe, na vidole vyako vikapapasa hewani, vikanifikia mimi. Viligusa ile hereni ya shaba vikarudi nyuma, maana ilikuwa baridi. Niliivua. Nikaitia mfukoni. Vidole vikarudi, vikashika sikio, ukalala mpaka mjini, nami sikugeuza shingo hata barabara ilipopinda.

Langoni pa uwanja wa kanisa baba yako hakukimbia. Alipiga magoti pale alipokuwa, akainamisha kichwa upande mmoja, akangoja. Ulitembea ukamfikia, ukashika.

Mengine ya baadaye unayajua, au uliyaishi. Jinsi alivyokuja ofisini kutengeneza jenereta ambayo haikuwa imeharibika. Jinsi watu wa kwetu walivyonyamaza nilipomtaja, na watu wa kwenu walivyozidisha adabu, na jinsi Tapsubei alivyokuja harusini akakaa katikati ya pande mbili kama mpaka wa shamba. Nilikosea mengi kama mama. Ulipokuwa na miaka kama kumi ukarudi kutoka shuleni ukauliza wewe ni wa wapi, maana wenzako walitaka kujua, mimi nilikushika mabega nikakuhutubia mpaka chai ikapoa. Baba yako akakuita kibandani akakuambia, "Waambie wewe ni wa mvua, na waingie ndani kabla hawajalowa." Ukacheka, ukaenda kucheza. Nilimwonea wivu wiki nzima. Na kila uchaguzi unapokaribia, bado najikuta nahesabu vichwa vyetu mezani na kusikiliza majirani wanasalimianaje. Huo ni ugonjwa wangu, usiubebe.

Lakini kazi hii unayoiendea nakuomba uibebe kwa namna fulani. Utakapochuja, nakili majibu pembeni, uache orodha ya asili ikiwa nzima. Unajua sababu ya kiufundi. Mimi nakupa nyingine. Ukichuja hapohapo, wasiotimiza masharti hufichwa, na baada ya muda macho huzoea, unaanza kuamini kwamba wanaoonekana ndio waliopo. Tazama namba za mistari pembeni zinavyoruka. Katika kila mruko kuna mtu ameketi kimya, anangoja uondoe swali lako.

Na uangalie usiache mstari mtupu ndani ya eneo la masharti. Mimi niliuacha, siku chache baada ya kukuleta, kwa furaha na uchovu. Nilikuwa nawatolea wauguzi wajawazito, na kwa kuwa mstari usio na sharti humruhusu kila mtu, nilichapisha uwanja mzima. Padri naye alikuwa ameandikishwa ili apate blanketi. Alikuja na karatasi mkononi, uso hauna tabasamu. "Binti," akasema, "hebu niambie, nina miezi mingapi?" Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika katika ofisi ile. Kosa hilo lirekebishe unapolifanya, lakini usilionee aibu sana. Heri kumruhusu mtu mmoja wa ziada kuliko kumwangusha mmoja.

Watu watakaokuja mbele yako wataogopa, na mtu anayeogopa hujibu kile anachodhani kitamwokoa. Usimwite mwongo. Jiulize kwanza wewe umeuliza nini, na nani mwingine amewahi kumuuliza hivyo, akiwa ameshika nini mkononi. Kisha muulize jambo ambalo halina hatari. Anakumbuka wimbo gani. Mtoto wake akilia hutulizwaje. Jibu utakalopata halitakuwa na safu. Wakubwa wako huenda wakakuambia halina faida, jedwali linakuwa pana, karatasi haitoshi. Wakikuambia hivyo, ipanue ile safu ya mwisho. Iandike kwa mwandiko mzuri, kama karatasi zitatumika, ili atakayechapa aone aibu kuikata.

Sasa namsikia baba yako ameridhika na kamba. Anakuambia ulale mapema, na yeye mwenyewe hatalala.

Kesho asubuhi steji itajaa watu, naye atakuwa akigombana na makanga juu ya mahali pa kuweka begi. Mimi sitakuwa na hotuba. Yote niliyokuwa nayo nimeyamaliza hapa. Umekuwa mrefu sana, itabidi uiname. Zile hereni za shaba nimezivua jioni hii, ziko ndani ya kikombe kando ya karatasi hii, na kesho sitazivaa.

Mama yako,
Jemutai